Joto Halichagui

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa, mchana kweupe, wakati wenye vyeo wamekwenda kula na wasio na vyeo wamebaki kuwalindia mali. Fundi alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo. Mashine kubwa, kompyuta ya jengo zima, ilivuma kama kawaida yake, makabati meusi yamejipanga ukutani, vitaa vya kijani vinakonyeza, na yeye ndani ya sweta maana chumba kile kilikuwa na baridi ya kaburi. Mara mtambo mmoja wa kupoza hewa ukakohoa. Ukakohoa tena kama mzee aliyepaliwa, ukanyamaza.

Mitambo ya kupoza ilikuja mitatu. Wa kwanza ulikufa zamani. Fundi akapeleka habari, Mkurugenzi akasema linafanyiwa kazi. Akapeleka tena, akaambiwa awe na subira, na subira ya mnyonge haina mwisho kwa sababu anayeipima ni mwingine. Kiyoyozi cha ofisini kwa Mkurugenzi, ikumbukwe, hakijawahi kulala kimeharibika. Sasa wa pili nao umekwenda, na huo mmoja uliobaki usingeweza kubeba joto la nyumba nzima.

Fundi alivua sweta. Nyuzi za joto kwenye kioo zilikuwa zinapanda. Utaratibu aliujua: punguza mzigo haraka, kabla mashine haijajizima yenyewe ikaua kila kitu. Na kazi kubwa zilizokuwa zinakwenda zilikuwa mbili tu. Moja ife ili nyingine ipone.

Watu wa jengo lile hawakuwa na maabara ya chupa na moshi. Maabara yao ilikuwa hesabu. Mtu anaiambia programu: nipangie atomu hizi hivi, halafu nitafutie elektroni zake zinakaa wapi. Programu inakisia, inapiga hesabu, inajiona imekosea, inarekebisha, inapiga tena, na kila mzunguko unaacha mstari mmoja kwenye kioo, mpaka tofauti ya mzunguko huu na ule uliopita inakuwa kama haipo. Hapo wenyewe wanasema imetulia. Kisha atomu zinasogezwa kidogo, na safari inaanza upya. Mtu anaweza kusubiri wiki kadhaa ili ajue chembe moja ya chumvi inapita wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Alikuwa anatafuta chumvi ya kutengenezea betri za bei ya mtu wa kawaida. Ilikwishakwenda zaidi ya wiki mbili, na Jumapili ingefika. Jumatatu angesimama nayo mbele ya wakubwa, nao wangeamua kama mkataba wake unaongezwa.

Kazi ya pili ilikuwa ya Elektroni.

Jina hilo mwanamke huyo alipewa na wafagiaji, kwa sababu ukimtafuta hapa yuko kule, ukienda kule unaambiwa katoka sasa hivi. Kazi yake ilikuwa ya kuangalia maji yanavyovunjika juu ya uso wa madini, na alikuwa ameianza jana yake tu. Naye alikuwa na Jumatatu ileile, mbele ya wakubwa walewale, kwa kiti kilekile kimoja, maana Mkurugenzi alikwishasema wawili hawatabaki. Ya Elektroni ingeweza kuanza upya ikachelewa kidogo, mwenyewe akaomba radhi. Ya shemeji ikikatwa, ndiyo basi. Diski za kuhifadhia zilijaa tangu mwanzo wa mwaka, mpya zikaombwa zikanyimwa, na Fundi mwenyewe ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiwaambia watu wasihifadhi chochote katikati ya safari. Ukianguka njiani, unarudi ulikotoka.

Chumba kile kilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: aliyekaribia kufika haangushwi. Fundi ndiye aliyeianzisha. Wote waliiheshimu, hata wale waliokuwa hawasalimiani.

Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuwaza, vidole vilikwenda vyenyewe. Uongo. Aliwaza. Alimwona Elektroni alivyokuwa juzi yake, ameegemea mlango wa kioo na sweta la mikono mirefu lililomfunika hadi vidole, anamwambia kwamba kazi hii ikimwangusha atarudi kwao, na shangazi yake atafurahi, maana shangazi hakupenda hizo habari za mgane wa nyaya asiye na hata cheti cha kutundika ukutani. Alisema hivyo huku anacheka. Lakini macho hayakucheka. Yalimtazama Fundi muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji, halafu yakakimbilia sakafuni.

Fundi akaandika namba ya kazi ya shemeji yake. Akabonyeza. Mistari iliyokuwa inashuka kwenye kioo ikasimama, na nyuzi za joto nazo, baada ya dakika chache, zikaanza kurudi chini kwa adabu kama vile hakuna kitu kilichotokea.

Watu waliporudi kutoka kula aliwaambia mashine ilizidiwa na joto, ikaikata yenyewe kazi ya shemeji. Hakuna aliyeuliza swali. Mkurugenzi alisema ni bahati mbaya, akaangalia saa yake.

*

Wiki iliyofuata, baada ya wakubwa kukaa na kuamua, shemeji alishuka kwenye chumba cha mitambo na boksi mkononi. Ndani yake kulikuwa na kikombe, viatu vya mvua na mfano wa fuwele alioujenga mwenyewe kwa vijiti na vishanga, ambao umevunjika kona. Alikaa kwenye kiti cha Fundi bila kuombwa, kama alivyozoea.

Akasema mashine ya shemeji yake imemla nyama ikamwachia mifupa. Akasema haidhuru, na yeye alikuwa amechoka kuishi na chumvi, sasa ataishi na sukari. Fundi akacheka kwa sababu alitakiwa kucheka.

Walipendana, hawa wawili. Walitaniana toka siku ya posa, na ugonjwa ulipomlaza yule dada mtu, walipokezana zamu kitandani kwake mpaka siku ile ambayo zamu haikuhitajika tena. Fundi na mkewe hawakujaliwa mtoto. Kilichobaki kati ya Fundi na familia ile kilikuwa huyu shemeji, na Mama, mkwe wake, ambaye mpaka leo bomba lake likivuja humwita Fundi kabla ya kumwita mwanawe wa kumzaa.

"Wewe ni mgane wa namna gani," shemeji alimwambia, "unanyoa ndevu kila asubuhi? Unafikiri hatuoni? Unafikiri ni makabati haya unayoyanyolea?"

Fundi aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Shemeji akaendelea kumweleza, kwa sauti ya chini sasa. Mama alikwishasikia habari za Elektroni kutoka kwa watu, na alizikataa. Alisema kaburi la binti yake bado halijaota majani. Alisema kama mkwe amechoka kuwa mkwe, na aseme, wasimzuie. Shemeji alikuwa amebishana naye tangu mvua zilipoanza. Akimkuta jikoni anabishana naye jikoni, akimpeleka kwenye kliniki ya macho wanabishana njiani. Hata siku ile mashine ilipozidiwa na joto alikuwa naye kliniki, wako kwenye benchi, wanabishana habari hiyohiyo. Sasa Mama amelegea. Kasema mlete huyo mwanamke Jumamosi nimwone, nikipona macho nisije nikaanza kuona mambo ambayo wenzangu wote wameshayaona.

"Unajua nilimshinda kwa neno gani?" shemeji aliuliza. "Nilimwambia, Mama, huyu alimuuguza dada mpaka pumzi ya mwisho, na siku zote hizo hajawahi kutuficha kitu. Mwache naye apate wa kumfungulia mlango."

Akainuka, akampiga Fundi begani, akachukua boksi lake. Mlangoni aligeuka, akasema Elektroni naye anastahili kile kiti, ana kichwa kizuri, na kama ni kushindwa basi bora ameshindwa na mtu wa nyumbani. Kisha akaenda zake ukumbini akipiga mluzi.

Fundi alibaki na kelele za mashine. Alijaribu kumlaani Mkurugenzi, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Laana ilitoka vizuri, kila neno mahali pake. Haikumsaidia. Ilikuwa kama kumeza dawa ya mwenzako.

*

Elektroni alikuja Ijumaa, saa ambayo wengine wanaaga. Safari hii hakuvaa sweta. Alisimama katikati ya makabati, mikono ameikumbatia, na Fundi alipotaka kumfunika na lake alirudi nyuma nusu hatua. Nusu hatua tu, lakini Fundi aliihisi kifuani kama mlango uliofungwa kwa upepo.

Walizungumza kwanza habari za kesho. Fundi alimweleza njia, akamweleza kwamba Mama ana ulimi lakini moyo wake ni mweupe, na kwamba kwenye ukuta wa sebule kuna picha asiishangae. Elektroni alimwambia ataiamkia. Aliuliza marehemu alikuwa anapenda nini. Fundi akasema alikuwa anapenda kubishana na redio. Wote wawili wakatabasamu, na kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani, yeye na yule mwanamke mwembamba mwenye wino vidoleni, wanatazamana katikati ya uvumi wa mashine, kila mmoja anangoja mwenzake aangalie pembeni kwanza.

Elektroni ndiye aliyeangalia pembeni.

"Kazi yangu na ya shemeji yako," alisema, "zilikuwa kabati moja."

"Ndiyo."

"Hili hapa."

"Hilo."

"Mashine ikizidiwa na joto inazima kabati zima. Wewe ndiye uliyenifundisha." Aliweka kiganja juu ya mlango wa kabati, akakiacha hapo. "Kwa hiyo ingezima ya kwake na ya kwangu. Joto halichagui, Fundi. Anayechagua ni mtu."

Fundi alifungua mdomo, akamkuta Mkurugenzi amekwishajaa humo. Akamtoa mzimamzima. Mitambo ya kupoza iliyoombwa ikakataliwa, diski, kiti kimoja kwa watu wawili, watu wa juu wanaokula mchana mrefu huku wengine wanachagua nani afe. Yeye angefanya nini, na joto linapanda, na yuko peke yake? Alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli.

Elektroni alimsikiliza mpaka mwisho. "Yote hayo ni yake," alisema. "Jina la kukatwa hakulichagua yeye."

Fundi akakaa kwenye kiti.

"Nilikupenda," alisema. Halikuwa jibu, na yeye mwenyewe aliliona hivyo. Alikuwa na mwaka mzima analitafutia neno hilo siku yake, siku yenye nguo safi na upepo mzuri, na sasa limemtoka hapa, limechafuka.

Elektroni alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, na alichosema Fundi hakukitarajia. Alisema na yeye alijua. Hakuanza kujua jana wala juzi. Alijua siku ileile. Aliporudi kutoka kula aliona mistari yake inaendelea kushuka na ya mwenzake haipo, na kitu ndani yake kikauliza mbona, naye akakiambia nyamaza. Jumatatu akasimama mbele ya wakubwa, wakampigia makofi, na shemeji mtu akapiga makofi kuliko wote.

"Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa," alisema. "Na kwa sababu nilijua ni wewe. Nilifurahi, unasikia? Usiku ule nilifurahi kwamba kuna mtu amenichagua. Sijawahi kuchaguliwa maisha yangu yote. Sasa kila nikikaa kwenye kile kiti nasikia kina joto la mtu."

Fundi aliinuka amshike. Safari hii hakurudi nyuma. Aliegemeza paji la uso kwenye kifua chake, wakakaa hivyo kama watu wawili waliokutwa na mvua chini ya ukingo mmoja. Nywele zake zilinuka sabuni. Fundi alitaka ulimwengu usimame pale, bila Jumamosi.

Lakini Elektroni si mtu wa kukaa mahali pamoja. Alijitoa polepole. Alisema yeye akienda kwa Mkurugenzi, Fundi atafukuzwa kesho yake na shemeji hatarudishiwa chochote, maana wakubwa hawapendi kuamua jambo mara mbili. Asipokwenda, anakula sahani ya mwenzake. Hilo la kiti atajua mwenyewe la kufanya. Hili jingine haliwezi peke yake.

"Siwezi kuingia kwa yule mama nikaamkia picha ya binti yake, mwanawe ananikaribisha, halafu mimi na wewe tunatazamana juu ya vichwa vyao. Kesho useme. Kama huwezi kusema, usinipitie."

"Nikisema, watanifunga mlango. Na wewe shangazi yako atapata la kusema."

"Shangazi yangu ana la kusema kila siku."

"Na wewe? Nikishasema, utabaki?"

Elektroni alitazama vitaa vinavyokonyeza. Akajibu kwamba hajui, na kwamba angemdanganya kama angesema anajua. Kisha akaondoka, na harufu ya sabuni ikabaki kidogo, ikapulizwa na mtambo wa kupoza hewa.

*

Alimpitia.

Sebule ya Mama ilikuwa na makochi ya zamani yaliyofunikwa vitambaa, redio iliyozimwa kwa heshima ya wageni, na ile picha. Elektroni aliiamkia kweli, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsalimu mwenye nyumba. Mama alisikia. Jicho moja lilikuwa bado na bandeji. Kwa lile jingine alimtazama mgeni kuanzia juu hadi viatu, halafu akamwambia akae karibu yake, upande wa jicho zima.

Akamhoji. Watu wako wazima? Unafanya kazi gani hasa, maana huyu mwanangu akinieleza huwa nalala. Elektroni akamweleza kwamba wanapiga hesabu za atomu kwa mashine. Mama akauliza ndizo zile za bomu. Shemeji akadakia kwamba hapana Mama, zile za bomu ni za watu wenye pesa, hizi za kwetu ni za betri na maji, zinalipuka kwenye mkataba tu. Mama akacheka mpaka akashika bandeji. Akasema huyu binti ana mikono ya baridi, mpeni chai. Na alipompa kikombe alikishika kidogo kabla ya kukiachia, vidole vya wote wawili juu yake, na Fundi akaona kwamba yule mama amekwishakubali.

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Kikombe kimepokelewa, shemeji anacheka, mwanamke anayempenda amekaa chini ya picha ya mwanamke aliyempenda, na ukuta haujaanguka. Alimtazama Elektroni. Elektroni alikuwa anatazama chai yake, haijanywewa.

Fundi akasema.

Alisema vibaya, kwa kuanzia mwisho. Kwamba mashine haikuikata ile kazi, aliikata yeye. Kwamba kulikuwa na mbili na alitakiwa aiangushe iliyoanza jana. Kwamba sheria ni yake na aliivunja mwenyewe. Shemeji aliendelea kutabasamu muda fulani, kama mtu anayengoja mwisho wa utani, na tabasamu likabaki usoni pake baada ya mwenyewe kuondoka.

"Nilikuwa na simu mkononi," alisema hatimaye. "Nimekaa kwenye benchi la kliniki nakutetea wewe, na simu ninayo mkononi. Ungenipigia, shemeji. Ungeniambia nichague, ningekwambia zima ya kwangu. Unanijua. Ningekwambia."

Fundi alimjua. Hilo ndilo lililomvunja. Akaanza kusema mitambo ya kupoza, akaanza kusema Mkurugenzi, na neno likamfia mdomoni, maana kwenye sebule ile Mkurugenzi hakuwepo.

Elektroni akaweka kikombe chini, akasema na yeye alijua akanyamaza, asibebeshwe mmoja. Shemeji aliinuka akaenda dirishani, akawapa mgongo, na mgongo ule ulikuwa wa dada yake kabisa.

Mama alikuwa ameikunja leso yake, ameikunja tena, mpaka ikawa ndogo haikunjiki. Wote walimngoja. Fundi alingoja matusi, angeyashukuru. Alingoja aambiwe toka, na miguu yake ilikwishajiandaa.

"Mwanangu," alisema Mama. Bado alimwita hivyo, na ilimuuma zaidi. "Mimi sikusoma, haya ya mashine siyajui, ya wakubwa wenu nayo siyajui. Nisaidie moja tu nilielewe."

Jicho lake zima lilipanda ukutani, kwenye picha, likashuka kwa Elektroni, likamrudia Fundi na kumtulia. Elektroni naye alikuwa ameinua uso. Dirishani, shemeji aligeuka.

"Siku ile, kama binti yangu angekuwa hai, yuko nyumbani anakungoja, ungezima ya nani?"